Kifungo Kianze Lini?

Nchini New Zealand, tangu mwaka 2007, hakimu aweza kumhukumu mkosaji kifungo cha nyumbani, kuanzia siku 14 hadi miezi 12. Lakini vipi yule aliyeazimwa tu kutoka gereza la nchi nyingine ili ahukumiwe, kisha arudishwe alikotoka?

Sisi twasema: kifungo cha nyumbani kisihesabiwe angali katika gereza la ugenini. Madeni mawili hayalipwi kwa shilingi moja. Hata hivyo, siku ya kuanza itajwe na sheria yenyewe, wala isiachiwe matakwa ya bwana jela. Mfanyakazi huijua siku ya mshahara wake. Mfungwa naye aijue siku ya uhuru wake. Adhabu isiyojulikana mwanzo haijulikani mwisho, na hiyo si haki bali ni uonevu.