Mkataba Usio na Wali

Posa ikiletwa nyumbani, tunajua la kufanya. Mjomba anatumwa msikitini kwao kijana kuulizia, shangazi anapita mtaani kusikiliza, na binti mwenyewe anaulizwa anaridhika au la. Wiki zinakwenda kabla ya jibu. Lakini akija mtu na kamera, akasema binti huyu ana shingo na kimo, Ulaya wanamtaka, pasipoti inatafutwa wiki hiyohiyo. (Ulaya hii si ile kata ya Kilosa, ambako walau unaweza kupanda basi ukamfuata mwanao.)

Biashara ya mitindo inapenda watoto, tusizunguke. Mwili wa msichana wa miaka 15, ambao haujamaliza kukua, ndio uliofanywa kipimo cha gauni la mwanamke wa miaka 40 aliyezaa mara tatu. Mwaka 2017 makampuni mawili makubwa ya Ufaransa, LVMH na Kering, yalikubaliana kutotumia walio chini ya miaka 16 kuonesha nguo za watu wazima. Mwaka 2017, jamani! Miaka miwili baadaye Kering ikatangaza kupandisha umri hadi 18. LVMH haikuifuata.

Karibu na kwetu ipo Kakuma, kambi ya wakimbizi huko Turkana, Kenya. Mwaka 2023 gazeti la Uingereza, The Sunday Times, liliandika habari za vijana waliochukuliwa na mawakala kutoka kambini hapo, wakapelekwa Ulaya, na baadhi yao wakarudishwa baada ya muda mfupi wakiwa na madeni ya maelfu ya yuro. Deni la nini? Tiketi, viza, chumba cha kulala, picha za majaribio, posho ya mfukoni. Wakala hutanguliza fedha, kisha hukata kwenye malipo ya kazi. Kazi isipopatikana, deni humbakia msichana. Mawakala walijitetea kuwa ndivyo mikataba ya kazi hiyo ilivyo. Tunawaamini, na hapo ndipo penye tatizo. Ikiwa mtu mzima anarudi kambini na deni la yuro, mtoto wa kidato cha pili atasimama wapi, lugha haijui, mama hayupo, na mwanamme mwenye kugawa kazi anamwambia avue?

Mtasema, mbona Halima Aden? Tunampenda Halima. Alizaliwa Kakuma mwaka 1997, akakulia Marekani, na aliingia kwenye kazi hii akiwa na miaka 19, sharti la hijabu likiwa limeandikwa kwenye mkataba wake. Hata hivyo hijabu ilizidi kupungua picha kwa picha, hadi akafungwa suruali ya jinzi kichwani. Novemba 2020 akaacha, akazitaja wazi swala zilizompita. Alikuwa mtu mzima, maarufu, na mwenye mama wa kumkumbusha. Sasa mvue umaarufu, mpunguzie miaka minne.

Na tusiitazame Paris peke yake. Fungueni kurasa za wapambaji na maduka ya magauni ya harusi hapa visiwani. Msichana wa sekondari kavishwa shela, hina hadi viwikoni, picha iko hadharani, na malipo yake ni kupambwa bure. Chini ya picha wanaume wanaomba namba ya simu. Wakala naye anapita hapohapo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011, kama ile ya Bara ya 2009, inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Na sheria ya 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu haimsafishi msafirishaji kwa kuwa eti mtoto mwenyewe alikubali.

Bi harusi, unapochagua mpambaji, muulize yule msichana wa kwenye picha ana miaka mingapi, mzazi gani aliridhia, na kalipwa nini. Mpambaji mwenye staha atakujibu papo hapo. Na mama utakayeletewa mkataba wa mwanao, taka uandikwe kwa Kiswahili na uonesha nani analipa tiketi ya kurudi. Wakikataa karatasi ilale nyumbani kwako hata usiku mmoja ili wali wake aisome, mlango uko wazi, na kahawa yao wameshakunywa.