Sentimita Tano Zinatosha

Kunyanyua gari, kwa maana ya kuongeza umbali kati ya chasisi na ekseli ili uvungu uwe mkubwa zaidi, ni kazi ambayo fundi mzoefu anaweza kuimaliza katika nusu siku na kwa fedha zisizo nyingi, na wepesi huo ndio unaowafanya wenye magari kuiagiza kabla ya kujiuliza ni kitu gani hasa kitakachonyanyuka. Katika magari yenye ekseli nzima ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kama vile Suzuki Jimny, Nissan Patrol za zamani na Land Cruiser za familia ya 70, difu, yaani kile kibuyu cha chuma chenye gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, imekaa juu ya ekseli, na ekseli nayo imebebwa na magurudumu. Hakuna springi, hata iwe ndefu kiasi gani, inayoweza kuiinua difu hiyo kwa unene wa unywele. Kinachopanda ni chasisi pamoja na vyote vilivyofungwa kwayo: tangi la mafuta, giaboksi na bampa. Faida yake ni ya kweli kwa anayeshuka makorongo na kuvuka matuta, lakini dereva ambaye tatizo lake ni difu inayolima ule mgongo wa udongo ulioachwa katikati ya njia na malori atakuwa amelipia kitu kingine kabisa.

Kinachoinua difu ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo. Jimny ya injini ya lita 1.3 inayotumia tairi za 205/70 kwenye rimu ya inchi 15 ina magurudumu yenye kipenyo cha milimita 668 hivi. Ikivishwa 215/75 za rimu hiyohiyo, kipenyo hufika takribani milimita 703, na ekseli hupanda milimita 18 tu. Mabadiliko hayo madogo yanatosha kuifanya spidomita isome 100 wakati gari linakwenda 105, na kuifanya injini ndogo ihisi mlima mapema zaidi. Kazi ya haki ya kunyanyua gari kidogo, basi, ni kuzipa tairi kubwa kiasi nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza madigadi, na kuliondoa tumbo la gari kwenye mawe. Anayetaka zaidi ya sentimita tano anatafuta mapambo, na mapambo yana bajeti yake.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba magari mengi ya Afrika Mashariki hayahitaji kunyanyuliwa bali kurudishiwa kimo chake. Gari lililoingia likiwa limekwisha kutumika Japani, kisha likabebeshwa saruji, mahindi na abiria kwa miaka kadhaa, springi zake huwa zimelala, na sentimita mbili au tatu za kimo cha kiwandani hupotea bila mwenye gari kugundua kwa sababu hupotea polepole. Kipimo chake hakigharimu kitu: gari husimamishwa mahali tambarare, kisha futi kamba hushushwa kutoka ukingo wa digadi hadi katikati ya gurudumu, kwani umbali huo, tofauti na ule unaopimwa kutoka ardhini, haubadilishwi na ukubwa wa tairi wala upepo wake. Ukilinganishwa na wa gari la aina hiyohiyo lenye springi nzima, ukweli hujitokeza. Maoni ya safu hii ni kwamba fedha ya kwanza iende kwenye springi mpya za kawaida na shokapu, yaani vile vizuizi vya mtikisiko, kabla hata ya kuuliza bei ya kitu kingine.

Kwa springi za mabamba, yale mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine kama ilivyo nyuma ya Hilux, njia za bei nafuu ni nne na hazilingani kwa ubora. Kuyakunja upya mabamba yaliyolala ni ufundi wa siku nyingi, lakini bamba lililogongwa likiwa baridi, bila kupashwa moto na kupozwa kwa utaratibu unaorudisha ugumu wa chuma, hulala tena baada ya muda mfupi. Kuongeza bamba moja ni bora zaidi kwa gari linalobeba mzigo kila siku, ingawa gari tupu huwa gumu na hurusha abiria wa nyuma. Njia ya tatu ni kurefusha shakli, yaani kile kishikio kinachoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chasisi. Kwa kuwa ncha ya pili haiguswi, sentimita nne za shakli huzaa sentimita mbili tu za kimo, na wakati huohuo ekseli hugeuka kidogo, hivyo propela shafti, yaani fimbo inayopeleka nguvu kwenye difu, hubadili pembe na huweza kuanza kutetema. Njia ya nne ni bloku ya chuma kati ya springi na ekseli, pamoja na yubolti ndefu zaidi. Bloku ya nyuma iliyo fupi na iliyotengenezwa vizuri inavumilika. Bloku ya mbao haivumiliki popote, na bloku ya aina yoyote kwenye ekseli ya mbele, inayobeba usukani na sehemu kubwa ya nguvu ya breki, isiruhusiwe na fundi anayejiheshimu.

Magari yenye tosheni baa mbele, ambayo ni fimbo ya chuma inayofanya kazi ya springi kwa kusokoteka, kama Mitsubishi Pajero za vizazi viwili vya kwanza na Isuzu D-Max za mwanzo, hunyanyuliwa kwa kukaza bolti tu, na hapa ndipo neno bure linapodanganya zaidi. Kukaza bolti hakuiongezei fimbo ugumu. Kunahamisha tu mahali pa kuanzia, hivyo gurudumu huibiwa safari yake ya kushuka, na kwenye shimo huachana na ardhi mapema. Mikono ya juu hugonga vizuizi vyake, na shafti za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda hadi mipira yake ipasuke. Sentimita mbili na nusu hadi tatu ndizo mpaka wa busara.

Kwa magari ya koili, spesa, yaani pete inayowekwa juu ya springi au juu ya shokapu, ni rahisi na haina matata mengi ikiwa nyembamba. Katika Prado na Hilux za koili, hata hivyo, spesa ya juu ya shokapu yenye unene wa sentimita moja huweza kulinyanyua gari kwa karibu sentimita mbili, kwa sababu shokapu hushika mkono wa chini mbali na gurudumu, na wanaonunua spesa kwa kuangalia unene tu hujikuta wamezidisha.

Gharama iliyofichika iko kwenye breki. Toyota nyingi za mizigo zina vali nyuma inayopima umbali kati ya chasisi na ekseli ili kujua kama gari limebeba mzigo. Gari likinyanyuliwa bila kibano cha vali hiyo kuinuliwa kwa kiasi kilekile, vali huamini kwamba gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma hata likiwa limejaa. Mipira ya breki nayo huvutika. Pembe ya kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia, hupungua katika magari kama Jimny, na usukani hupoteza tabia ya kujirudisha wenyewe. Taa za mbele huwapofusha wanaokuja. Magari ya mashindano ya Rhino Charge, yanayofanyika Kenya tangu 1989, hunyanyuliwa sana, lakini hujengwa upya kwa ajili hiyo na hayapeleki watoto shule.

Kwa hiyo, mwenye gari anayepewa bei ya kunyanyuliwa anapaswa kudai kwamba alaimenti ya magurudumu, ukaguzi wa breki na urekebishaji wa taa viandikwe katika hati hiyohiyo ya bei, na jumla yake ikimshinda, aliache gari katika kimo cha kiwandani na kununua tairi nzuri.