Bakteria: Somo Tunalolifundisha Nusu

Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari bakteria ni nini, naye aghalabu atakujibu bila kusita kwamba ni vijidudu viletavyo maradhi. Mwombe mifano, naye atakutajia kipindupindu, kifua kikuu, pepopunda na homa ya matumbo. Majibu hayo si ya uongo, kwani kila ugonjwa alioutaja huletwa na bakteria. Lakini ukweli nusu waweza kumpotosha mtu kuliko uongo mtupu, kwa kuwa aliye nao hujiona amekwisha kujua, wala haoni haja ya kuuliza zaidi.

Walimu watasema kwamba faida za bakteria nazo zinafundishwa. Ni kweli, lakini zinafundishwaje? Mara nyingi huja mwishoni mwa mada, katika orodha fupi ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani kisha huisahau. Hivyo bakteria hugawanywa katika kambi mbili, wabaya na wema, na wabaya hupewa vipindi vyote. Maoni yangu ni kwamba mgawanyo huo una kasoro tangu msingi wake, na kwamba madhara yake hayaishii darasani. Humfuata mwanafunzi kisimani, shambani na katika duka la dawa. Yafaa tuwafundishe bakteria kwa kufuata mahali wanapokaa na kazi wanayoifanya huko, kisha tuyaweke maradhi ndani ya maelezo hayo.

Asili ya mazoea yetu si vigumu kuiona. Katika karne ya 19, Robert Koch wa Ujerumani alionyesha kwamba ugonjwa fulani huletwa na bakteria fulani: kimeta mwaka 1876, kifua kikuu mwaka 1882, na kipindupindu mwaka 1884 alipokuwa akifanya uchunguzi huko India. Ushindi huo uliokoa maisha ya watu wasiohesabika, na ulistahili kuingia katika vitabu vya shule. Lakini katika miaka ile ile wataalamu wengine walikuwa wakiigundua nusu ya pili ya habari hii. Mwaka 1886 Hermann Hellriegel, Mjerumani pia, alieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata nitrojeni ya hewani kwa msaada wa vinundu vilivyo katika mizizi yake. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria waliomo katika vinundu hivyo na kuwakuza peke yao. Nusu ya kwanza imekaa katika akili za watu wote. Nusu ya pili imebaki kwa wataalamu.

Bakteria Yule Yule, Mahali Tofauti

Na tuanze na pepopunda. Bakteria wa ugonjwa huu hukaa udongoni na katika samadi, akiwa amejifunga ndani ya ganda gumu mithili ya mbegu. Mkulima humkanyaga kila siku asipate dhara. Lakini akiingia katika jeraha lenye kina, mahali pasipofikiwa na hewa, au katika kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu, huamka, huzaana, na hutoa sumu inayokaza misuli hata kuua. Bakteria ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali.

Mfano wa pili ni Escherichia coli, mkazi wa utumbo wa binadamu na wa wanyama wengi. Aina zake nyingi huishi humo kwa amani. Wakipanda katika njia ya mkojo, huleta maradhi. Wakionekana katika maji ya kisima, huwa ni ushahidi kwamba kinyesi kimeyafikia maji hayo, na ndiyo sababu wapimaji wa maji huwatafuta. Kiumbe mmoja, mahali patatu, maana tatu. Mwanafunzi aliyefundishwa makundi mawili tu, wema na wabaya, atamweka wapi huyu?

Mfano wa tatu una uzito zaidi, nao ni kipindupindu. Mlipuko wa saba wa dunia ulianza Indonesia mwaka 1961, ukafika Afrika mwaka 1970, na mpaka leo haujamalizika. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingine ya Tanzania. Watu wengi hudhani kwamba bakteria wake hukaa katika kinyesi tu. Hivyo sivyo. Huyu ni mkazi wa kawaida wa maji ya pwani, hasa pale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari. Hushikamana na viumbe vidogo sana vya jamii ya kamba, na huweza kuyala magamba yao na kuyaozesha, akirudisha majini lishe iliyokuwa imefungwa ndani yake. Wengi wa jamii yake hawana uwezo wa kuleta mlipuko. Mwaka 1996 wataalamu walieleza kwamba chembe za urithi zinazowawezesha wengine kutengeneza sumu ya kipindupindu zililetwa ndani yao na kirusi.

Maarifa haya yana faida gani kwa mtu wa kawaida? Jibu latoka Bangladesh. Kwa kuwa bakteria hao hushikamana na viumbe vikubwa kuliko wao, wataalamu waliwafundisha akina mama wa vijijini kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: wagonjwa wa kipindupindu katika vijiji hivyo walipungua kwa asilimia 48. Tusielewe vibaya. Kuchuja kwa nguo si badala ya kuchemsha maji wala ya kutia klorini, kwani bakteria walio peke yao hupenya. Lakini upungufu wa karibu nusu ulipatikana kwa kipande cha nguo, kwa sababu mtu fulani aliuliza bakteria huyu anaishi wapi na anafanya nini huko.

Vidonge vya Rangi Mbili

Sasa na tulitazame duka la dawa. Kijana ana mafua na koo linamwasha. Amefundishwa kwamba vijidudu ni adui, na kwamba dukani iko dawa ya kuua vijidudu. Ananunua vidonge vinne vya rangi mbili, anameza viwili, anapata nafuu, anaviweka vingine akiba. Mafua huletwa na virusi, ambavyo dawa hiyo haiviui. Nafuu ingekuja hata asingemeza kitu. Lakini ndani ya mwili wa kijana huyo wamo bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na baadhi yao dawa imewakuta.

Bakteria mmoja wa Escherichia coli, akipata chakula na joto la kumfaa, huweza kugawanyika kila dakika 20. Mwanafunzi na aanze na moja, azidishe kwa mbili mara 30: ataona kwamba baada ya saa 10 tu mahali pa mmoja pana zaidi ya bilioni moja. Katika umati kama huo hawakosi wachache ambao, kwa badiliko dogo la urithi, wanaweza kuistahimili dawa. Dawa huwaua wanyonge na kuwaachia sugu nafasi tupu. Isitoshe, bakteria huweza kupeana chembe za urithi, hata walio wa jamii tofauti. Usugu uliozaliwa kwa bakteria asiye na madhara waweza kuhamia kwa yule auaye.

Jambo hili halikumshangaza Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928. Alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitahadharisha kwamba mtu asiyejua anaweza kumeza kipimo pungufu na hivyo kuwazoeza vijidudu kuishinda dawa. Tahadhari hiyo haikufuatwa ipasavyo. Kwa makadirio ya wataalamu, mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa.

Na dawa zenyewe zimetoka wapi? Streptomaisini, dawa ya kwanza ya antibiotiki iliyoweza kutibu kifua kikuu, ilipatikana Marekani mwaka 1943 kutoka kwa bakteria wa udongoni. Nyingi za antibiotiki zilizofuata nazo zilitoka kwa jamii hiyo hiyo ya wakazi wa udongo. Basi tumepata silaha kutoka kwa hao hao tunaowaita adui, nasi tunaitumia bila kujali hata inakuwa butu.

Hoja ya Upande wa Pili

Wapo watakaopinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema: mahali ambapo watoto hufa kwa kuhara, kazi ya mwalimu ni kuwatia wanafunzi hofu ya vijidudu ili wanawe mikono, habari za vinundu vya kunde zitangoja. Mimi nakubali kwamba usafi huja kwanza. Ninalokataa ni kwamba hofu hufundisha usafi. Hofu haina ramani. Haimwonyeshi mtu njia ambayo kinyesi hupita kutoka chooni hadi kinywani, wala haimwambii kwamba maji maangavu yaweza kuwa na maradhi ilhali maziwa yaliyoganda kuwa mtindi, yakiwa yamejaa bakteria, ni chakula chema. Mwenye hofu hutafuta dawa ya kuua kila kitu. Humwaga dawa kali katika shimo la choo akidhani anasafisha, kumbe awaua bakteria wanaoozesha kinyesi na kulipunguzia shimo mzigo wake. Sakafu ya choo na ioshwe kwa dawa, na mikono kwa sabuni. Shimo liachiwe bakteria wake, isipokuwa wakati wa mlipuko ambapo maofisa wa afya huagiza vinginevyo.

Vilevile siungi mkono kosa la kinyume, yaani kuwafanya bakteria kuwa rafiki. Hawatupendi wala hawatuchukii. Wanatafuta chakula na mahali pa kuzaana. Kazi yetu ni kujua wapi tuwaache na wapi tuwazuie.

Masomo Matatu Yasiyohitaji Maabara

Shule nyingi hazina hadubini, lakini mafundisho haya hayangoji hadubini. La kwanza ni mzizi wa kunde au maharage. Mmea ukikaribia kutoa maua, uchimbwe kwa jembe pamoja na udongo wake, using'olewe, kwani vinundu hukatika na kubaki ardhini. Uoshwe taratibu. Kinundu kikubwa kipasuliwe kwa wembe. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria waliomo wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Vinundu vya kweli hubanduka kwa urahisi. Uvimbe usiobanduka huenda ni wa minyoo ya mizizi. Hapo mwalimu aeleze kwamba kiwandani, ili kuigeuza nitrojeni ya hewa iwe msingi wa mbolea, hutumika joto la nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi na kanieneo zaidi ya mara 100 ya ile ya angahewa. Kinundu hufanya kazi kama hiyo katika joto la kawaida la udongo. Mtoto wa mkulima anayejua bei ya mfuko wa mbolea hatahitaji kuambiwa mara mbili.

La pili ni ramani ya shule. Wanafunzi wachore mahali pa vyoo, kisima, jiko, pipa la maji na mteremko wa ardhi, kisha wafuate kwa kalamu njia zote ambazo kinyesi chaweza kukifikia chakula: maji, mikono, nzi, udongo. Wapime kama kisima kiko umbali wa mita 30 au zaidi kutoka chooni, na kama choo kiko upande wa chini. Majibu yakiwa mabaya, ramani ipelekwe kwa mkuu wa shule na kamati yake.

La tatu ni hesabu ya vidonge. Kila mwanafunzi aandike, bila kutaja jina la mtu, ni dawa gani za antibiotiki zilizotumika nyumbani kwao mwaka huu, kama ziliandikwa na mganga, na kama zilitumika kwa kipimo na muda ulioagizwa. Darasa lijumlishe, na lijadili.

Masomo haya matatu hayatamaliza kila kilichomo katika mtaala. Lakini baada ya hayo, mwanafunzi akiulizwa bakteria ni nini, naamini hataanza na orodha ya maradhi. Kwanza atauliza: bakteria yupi, na mahali gani? Swali hilo ndilo mwanzo wa sayansi. Na siku ugonjwa utakapobisha hodi kijijini kwake, ndilo litakalomwongoza kwenye kisima kabla hajakimbilia duka la dawa.