Chai ya Mama na damu yangu

Kipindi kilichopita tulicheka sana kuhusu mama zetu na chai. Leo nina la kuongeza, ila halichekeshi sana.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa napanda ngazi za kwetu hapa Abu Hamour, ghorofa ya pili tu, nafika mlangoni nahema kama niliyekimbia Corniche nzima. Nywele zinabaki kwenye kitana. Halafu barafu: naitafuna kavukavu, kru kru kru, hata ofisini. Mama akasema ni kazi nyingi na kulala na simu. Nikakubali, maana wanawake wa kwetu wote wamechoka. Bibi alichoka, Mama amechoka, nami nikajua nimerithi.

Kipimo kikatoa hemoglobini 8.7. Shirika la Afya Duniani linasema mwanamke asiye mjamzito akiwa chini ya 12, ana upungufu wa damu. Feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 5. Nilitegemea daktari aanze na mchicha. Akauliza, "Hedhi yako ikoje?"

Kawaida, nikamwambia.

"Kawaida siku ngapi?"

Nane. Na zile za mwanzo pedi haimalizi saa mbili. Akaweka kalamu chini. Miaka ishirini nimeiita hiyo kawaida, kwa sababu nyumbani tulinong'ona tu "yuko mwezini" na mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyehesabu siku.

Chakula nacho kina lake. Mama alikasirika: "Kwani nyumba hii watu hawali?" Tunakula sana, wali, maharage, mchicha wa nazi. Lakini tonge la mwisho halijashuka, chai ya maziwa iko mezani, na jioni karak tena garini. Chai hunasa chuma cha mimea tumboni na inaweza kupunguza kinachofyonzwa kwa zaidi ya nusu. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana. Ndimu husaidia, kwa hiyo kachumbari si pambo. Dawa ya chai ni kuisubirisha saa moja hivi.

Jaribu kumwambia Mama asubirishe chai. Siku tatu alikunywa yake huku ananitazama machoni.

Siku ya nne, mwenyewe, akasema alipokuwa na mimba yangu alikula udongo. Wasafiri wakimletea kutoka Unguja, umefungwa kwenye gazeti, akiuficha kabatini. Hamu ya udongo na hamu yangu ya barafu huenda mara nyingi na upungufu huohuo wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma kufyonzwa. Alidhani ni aibu yake peke yake.

Jumamosi tukaenda Dar Al Salam Mall ("naenda Dar," ndivyo anavyosema siku zote). Nikamkuta famasi amebeba chupa nne za dawa ya chuma za watoto, za kuwatumia wajukuu wa dada yake Pemba. Nikamzuia. Pemba hiyohiyo, watoto wadogo walipewa chuma na asidi ya foliki kila siku katika utafiti uliosimamishwa 2003, kwa sababu waliopewa walilazwa au kufa zaidi kuliko wasiopewa. Malaria ilikuwa nyingi. Wale waliopimwa wakaonekana wamepungukiwa kweli, na malaria yao ikifuatiliwa na kutibiwa, walifaidika. Ndiyo maana penye malaria chuma kinatakiwa kiende pamoja na kinga na tiba yake.

"Sasa niwatumie nini?"

"Hela ya kupimwa, Mama."

Akarudisha chupa zote rafuni. Kisha akapiga simu Wete palepale, kwa ile sauti yake ya simu za mbali, akawasalimia watoto mmoja mmoja, akaomba apewe mama yao.

"Mwanangu," akasema, famasi nzima inasikia, "hebu niambie, unapoingia mwezini unakaa siku ngapi?"