Pango la Hazina Ushago? Soma Hii Kabla Ushike Jembe

Umeskia hii story: chini ya shamba ya guka kuna pango, misafara ya zamani ilificha dhahabu humo. Sasa kuna msee ana mashine ya kupima, lakini anataka doo kwanza.

Tulia, buda. Hata mkiipata, si yenu. Sheria ya makumbusho ya 2006 inasema vitu vilivyotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895, vikichimbuliwa, ni vya serikali. Na kama ni madini? Sheria ya 2016 inayaweka kwa serikali pia, hata kama title ni ya guka. Kampuni ikilipa mrabaha, serikali kuu inabeba 70%, kaunti 20%, jamii 10%.

Na kuchimba si mchezo. Mei 2024, mgodi wa Hillo kule Marsabit uliporomoka ukaua watu watano. Hapo dhahabu ilikuwa ya ukweli.

Najua kazi hakuna, ndio maana hizi story zinashika. Lakini piga hesabu: ukipata, ni ya serikali, ukikosa, shimo ni lako. Na msee wa mashine ashaishia na doo yenu. Hiyo ganji si mngenunua mbolea, guka apande mahindi?