Wema Unaokoma Mlangoni



Katika sura ya 3 ya Matendo ya Mitume kuna mtu aliyekuwa kiwete tangu kuzaliwa. Kila siku watu walimbeba na kumweka kwenye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, apate kuomba sadaka. Wahubiri wengi huanza pale Petro na Yohane wanapofika. Mimi leo nawauliza habari za wale wabebaji. Walikuwa watu wema bila shaka, na mabega yao yaliuma kwa ajili yake. Hata hivyo wema wao ulikoma mlangoni. Walimfikisha mahali pa kuomba. Hatusomi popote kwamba walimtafutia mahali pa kufanya kazi.

Nasema bila kuficha: wabebaji wale ni sisi.

Mwaka jana nilikaa na vijana waliokuwa wakiandaa sikukuu ya parokia. Palikuwa na magunia ya maharagwe na viti vya kusafirisha. Wakamwita baba mmoja mwenye baiskeli ya matairi matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, kwa kuwa miguu yake ilipoozwa na polio utotoni. Bei ilipotajwa, mmoja akasema: «Huyu baba husaidiwa na watu, tumpe nusu.» Wengine wakaitikia kwa kichwa. Ndugu zangu, gunia la maharagwe halipungui uzito kwa sababu anayelisafirisha hawezi kutembea. Kumkata mtu ujira wake kwa kuwa ni mlemavu ni wizi, hata ukifanywa na wanakwaya.

Anayeijua Goma anazijua baiskeli hizo. Kwa miaka mingi zimevuka Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, zikiwa zimepakiwa mizigo ya wafanya biashara. Mwenye chombo hukaa mbele akishika usukani, na nyuma kuna vijana wanaosukuma. Barabara nyingi za mji ule zimelala juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyomwaga moto mjini mwaka 2002. Kila jiwe hupiga tairi, tairi likapiga kiti, kiti kikapiga mgongo. Na bega, ambalo halikuumbwa lifanye kazi ya mguu, ndilo linaloendesha chombo mchana kutwa. Baada ya miaka linachakaa. Anayekaa saa nyingi bila kujiinua hupata vidonda vya kukalia, na asiyesikia maumivu miguuni huvigundua vikiwa vimeoza. Hiyo ni kazi ya jasho kamili. Aitaye kazi hiyo njia ya kuomba hajawahi kuitazama.

Kuna makosa mawili yanayotupofusha. La kwanza ni kusema: «Mlemavu akae, atapewa.» Ni kweli wapo wasioweza kufanya kazi yoyote, na hao tunawiwa kuwatunza bila manung’uniko. Lakini anayeweza na anayetaka, kumkalisha kwa nguvu ya huruma ni kumnyang’anya sehemu ya utu wake. Kosa la pili limevaa nguo nzuri zaidi. Tunamwita shujaa, tunampigia makofi, kisha tunaliacha shimo la barabarani palepale. Sifa haitugharimu kitu. Tunamsifu kwa uvumilivu wake ili tusiulizwe ni nani anayemlazimisha kuvumilia.

Mafundisho ya Kanisa hayatuachi na udhuru. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1981 juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, alifundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili mwenye haki zake zote, na kwamba jamii inayowakubali kazini wenye viungo timamu peke yao inaukana ubinadamu wetu wa pamoja. Akataja pia ujira wa haki na kuondolewa kwa vizuizi. Nchi yetu nayo imeandika. Kifungu cha 49 cha Katiba ya mwaka 2006 kinawapa walemavu haki ya hatua maalum za ulinzi, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inahusu haki zao waziwazi. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mikono.

Mtasema: «Mwalimu, hatuna fedha.» Nitawajibu kwa goti langu. Nilipoumia kwa ajali ya pikipiki, nilirudi shuleni kwa fimbo. Darasa langu lilikuwa ghorofani, ngazi ishirini na mbili. Mkubwa wangu alinishauri niache kufundisha, nipumzike. Mwenzangu mmoja hakunishauri neno; alihamisha wanafunzi wake juu, akaniachia chumba chake cha chini. Haikugharimu hata faranga moja. Nimefundisha miaka kumi na moja tangu siku ile. Basi niambieni, ni nani kati ya wawili hao aliyenihurumia?

Kwa hiyo nawadai mambo manne. Mkimpa mlemavu kazi, mlipeni bei ileile mnayomlipa mwingine. Mkipakia chombo chake, muulizeni yeye kinabeba kiasi gani, maana yeye ndiye anayejua breki zake kwenye mteremko. Siku moja ya mwezi, kikundi chenu kikusanye mawe na udongo, mzibe mashimo ya njia anayopitia. Na mwombeni paroko ruhusa ya kujenga mteremko wa saruji kwenye mlango wa kanisa, ili mtu asiingie kwa kubebwa kama mzigo anapokuja kusali.

Kule Kapernaumu, watu wanne walimleta mwenye kupooza, wakakuta mlango umejaa watu. Hawakumlaza nje na kumsifu kwa saburi yake. Walipanda juu, wakaifungua paa. Nadhani mwenye nyumba alinung’unika. Injili, hata hivyo, inasema Yesu aliiona imani yao.

Vijana, chagueni mtakuwa wabebaji wa namna gani. Nami nitawauliza Jumapili ijayo kama yule baba amelipwa nusu yake iliyobaki.