Senti Thelathini za Mandazi

Mwenzetu anayetuuzia mandazi hapa chuoni ameanza kupokea malipo ya kadi kwa intaneti. Tumempongeza, lakini faida haioni. Hapa Marekani kampuni inayompokelea fedha hukata asilimia 2.9 ya kila malipo, na senti 30 juu yake. Ukiagiza mandazi ya dola 3, anabaki na dola 2.61, na hapo hajalipia unga wala iliki. Ukiagiza ya dola 30, inakatwa dola 1.17 tu. Asilimia haimuumizi, zinazomuumiza ni zile senti 30 zisizojali udogo wa oda.

Kwa maoni yangu, aweke kiwango cha chini, hata dola 15. Tutanung'unika, najua. Basi tuagize pamoja, mmoja alipe, tugawane ukumbini. Ijumaa nalipa mimi.